Siku Chache za Pusan

Pusan iliingia nyumbani kwetu Sur, Omani, kwa njia ya kalenda. Mume wangu alikuwa karani kwa Wakorea waliokuwa wakijenga barabara upande wa Jalan, na mhandisi mmoja, mtu mpole aliyeipenda halwa yetu kupita kiasi, alimpa kalenda yenye picha za mji wa bandari aliozaliwa. Likizo ijayo njooni kwetu, alimwambia, njooni mstarehe tu. Nikaitundika jikoni, na tangu siku hiyo sikupika kitu bila ya kukiunguza.

Ilikuwako picha ya meli nyeupe, nyuma yake milima iliyojaa nyumba mpaka kileleni. Ilikuwako ya ufukwe uliopinda. Niliyoipenda zaidi ni ya soko la samaki: wanawake wenye mabuti ya mpira wamekaa nyuma ya mabeseni, vinywa wazi, wakinadi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, mimi mwalimu wa skuli ya wasichana, na mchana nikirudi nilijilaza chini ya feni nikaanza kupanga. Asubuhi tusiamke mapema. Tunywe chai dirishani tukitazama meli. Tushuke sokoni taratibu, tusinunue kitu. Jioni tutembee ufukweni, viatu mkononi, mpaka usingizi utuchukue. Kesho yake vivyo hivyo. Makumbusho sikuyataka, wala minara. Nilitaka nikae bure pahala nisipojulikana, halafu nirudi kwangu. Wakati mwingine feni ilipopunguza mwendo niliwasikia kabisa wale wanawake wakiniita.

Na nilitaka mama yangu, aliyekuwa akikaa nasi tangu baba kufariki, aje naye. Akakubali. Alikubali upesi mno, na hilo lilitosha kunitia wasiwasi.

Kufumba na kufumbua alikuwa keshapita kwa majirani kutaka radhi, kama ilivyo ada yetu mtu anaposafiri: nilipokukoseeni nisameheni, na mie nimekusameheni. Sasa, radhi ya siku chache huombwa mlangoni kwa maneno mawili. Mama aliingia ndani, akakaa, akanywa kahawa kila nyumba, akalia, akagawa vitu. Jirani mmoja alipewa mbuzi wetu. Mwingine alipewa sufuria yangu ya pilau, tena na mfuniko wake. Mwisho akaja bwana mmoja, kwa adabu zote, kuuliza nyumba tunaikodisha lini.

Nilimwendea mama chumbani nikiwa nimepandwa na hasira. Sanduku lilikuwa wazi kitandani. Mlikuwa na msahafu, chetezo, mchele, kanga ambayo pindo lake lilikuwa zito kwa dhahabu alizozishonea ndani, na juu ya vyote, imeviringishwa kwenye shuka, saa yetu ya ukutani.

"Mama! Saa ya ukutani, Pusan, ya nini?"

"Yangu hii."

"Tunakwenda kustarehe! Siku chache, tunarudi!"

Akaikaza shuka vizuri. "Hata ile ya mapinduzi niliambiwa siku chache, mwanangu. Baba yako aliniambia, chukua nguo za kubadilisha, bass, mambo yatatulia, inshallah tutarudi. Nikaiacha nyumba ya Unguja na kila kilichomo. Wallahi mie umri wangu wote sijapata kutoka pahala nikarudi. Pemba nilitoka kuolewa, sikurudi. Unguja nikatoka, sikurudi. Hebu niambie wewe uliyesoma, kurudi kukoje?"

Hasira zikaniisha hapo hapo. Nilikaa kitandani kando ya sanduku, moyo unaniuma, maana niliona wazi kwamba tukimpeleka hivi, Pusan yote ataitazama akiwa amekalia mizigo yake. Na tukimwacha nyumbani, atatuhesabu sisi ndio tusiorudi tena.

Nikamwambia mume wangu Pusan ingoje kidogo. Alhamisi, siku ya mapumziko, tukampakia mama garini twende Nizwa kwa binamu yake, tulale, turudi. Nilimwekea sharti moja: mkoba wa mkononi tu. Alininunia mpaka Ibra. Baada ya Ibra akaanza kuuliza kama nimefunga gesi, na akauliza hivyo mpaka tukafika.

Nizwa tulikaa shambani chini ya mitende, miguu ndani ya maji ya mfereji, baridi ikipanda hadi magotini. Nikamwambia, "Mama, hapa ndipo Pusan. Lile dirisha letu, na zile meli." Akaitazama mitende, macho mazito, nikadhani ameanza kusinzia.

"Ile meli ya nyuma yataka rangi," akasema.

Tukacheka mpaka binamu yake akatoka kutuangalia tuna nini.

Ijumaa jioni tulirudi Sur. Mume wangu alifungua mlango, akasema, "Karibu kwako, mama," na mama akatangulia kuingia. Alipita chumba kwa chumba akigusa mto, pazia, kiti, kama mtu anayetazama nyumba ya kununua. Jikoni akasimama. Juu ya meza palikuwa na kikombe alichonywea chai asubuhi tulipoondoka, nacho kwa haraka hakukiosha. Majani yalikuwa yameganda chini, na sisimizi wakizunguka ukingoni.

"Kipo," alisema. "Kumbe kipo pale pale."

Akakaa akalia, na mimi nikalia naye. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na huzuni ya miaka yote aliyokuwa hajui kurudi kukoje. Nilipokichukua kile kikombe ili nikioshe, akanishika mkono.

"Kiache hivyo hivyo," akasema. "Nitakiosha mwenyewe, nikirudi kutoka Pusan."