Nakala Tatu za Majibu ya Damu

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, mawingu yakiwa yameshuka kutoka milima ya Uluguru hadi usawa wa mtaa wa Bigwa, simu ya ofisini kwetu ilipoita na mpigaji akaniulizia mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Taasisi yetu ilikuwa na maabara mjini Morogoro na vituo vya afya mlimani, nami nilisaidia kusimamia kompyuta zake. Nakusimulia kwa sababu wiki hii unaanza kazi hiyohiyo, na nimeuona wepesi wa mikono yako.

Zamani kila programu ilikuwa na kompyuta yake. Kompyuta ikifa, huduma nayo imekufa. Ndipo tukahamia kwenye kontena, kama walivyofanya mabenki, vyuo na wauza tiketi za mabasi: programu inafungashwa pamoja na kila inachohitaji, ili iwashwe kwenye mashine yoyote. Juu ya kontena hizo kuna mratibu, ambaye naye ni programu. Unamwandikia kwenye faili unachotaka, mathalani nakala tatu za programu ya majibu ya maabara, naye anahakikisha ziko tatu muda wote. Mashine moja ikizimika, anawasha nakala nyingine kwenye mashine iliyo hai bila kumwita mtu. Ila anaiwasha kama ilivyoandikwa. Usichomwandikia hakijui.

Mkuu wangu, Mzee Salumu, mtu wa Kilakala asiyependa kelele, alinionya nisiguse kitu ndani ya kontena inayofanya kazi. Nibadilishe faili, mengine nimwachie mratibu. Nilimwitikia vizuri. Lakini wiki moja kabla ya asubuhi ile, yeye akiwa safarini, tulihamishia kumbukumbu za majibu ya damu kwenye mashine mpya. Faili ya mratibu ikanisumbua, nami nilikuwa nimechoka. Nikaingia ndani ya nakala zote tatu, moja baada ya nyingine, nikaandika anwani ya mashine hiyo mpya kwa mkono wangu. Majibu yakatoka. Nikajiona fundi, nikasahau.

Aliyepiga simu alikuwa muuguzi Zainabu, wa kituo cha juu mlimani. Alikuwa na mama mjamzito wa kufanyiwa upasuaji siku ile, na alihitaji majibu ya damu yake ili aagize damu ya akiba mjini. Alisema majibu mara yanaonekana, mara hayapo, na hathubutu kuyaamini. Nikamwambia ni mtandao wa mlimani, mvua ikikatika utatulia.

Mzee Salumu alikuwa amesikia. Akaangalia, akaona mashine moja ilizimika alfajiri na mratibu akawasha nakala mpya kwingine, kama inavyotakiwa. Akaniuliza kama kuna kitu niliwahi kubadilisha kwa mkono. Mwanangu, nilijua pale pale. Nakala mpya ilikuwa inasoma kumbukumbu za kwenye mashine ya zamani, ambayo hatukuwa tumeizima, ambamo mama yule hakuwemo; ombi la Zainabu likiangukia nakala hiyo majibu hayapo, likiangukia zile mbili yapo. Nikasema hapana.

Tukatafuta saa mbili nzima. Mzee alipekua nyaya, akapekua mtandao, akawapigia watu wa umeme, nami namfuata nyuma nikijifanya natafuta. Zainabu akapiga tena, safari hii sauti yake imepungua, akasema mama ameanza uchungu.

"Mzee, ni mimi," nikasema. "Nilibadilisha anwani kwa mkono. Faili sikuigusa."

Hakufoka. Alivuta kiti akanipisha mbele ya kompyuta. "Iandike sasa," akasema. "Halafu mpigie muuguzi wewe mwenyewe, umwambie ukweli."

Niliandika mstari mmoja tu. Mratibu akabadilisha nakala zote tatu, moja moja, huduma haikukatika hata kidogo. Majibu yakatulia. Lakini nilipopiga simu, nikaambiwa Zainabu alishachoka kungoja. Alikuwa amechukua damu upya na kuituma mjini kwa bodaboda, kwenye utelezi ule. Upasuaji ulianza kwa kuchelewa. Mama na mtoto walitoka salama, namshukuru Mungu hadi leo.

Siku ya pili Mzee alinipeleka mlimani kuomba radhi. Zainabu alinipokea, akanipa chai ya tangawizi, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, "Binti yangu, mitambo kuharibika nimezoea. Ungeniambia tatizo ni lenu, ningetuma damu mapema. Zile saa mbili ulikuwa nazo wewe."

Sikumaliza ile chai.

Basi mwanangu, nakuomba haya. Kila unachokibadilisha kiandike mahali ambapo mratibu atakisoma, na mwenzako pia, hata kama njia ya mkono ni fupi na umechoka. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema kabla hujaulizwa mara ya pili. Kosa la kwanza nililirekebisha kwa mstari mmoja. Ule uongo sikuwa na faili ya kuurekebishia, na kuna mama alibaki kitandani akiusubiri uishe.

Mungu akupe mikono iliyotulia na moyo usioogopa kusema ni mimi. Akujalie wakubwa watakaokuuliza kwa upole, na wagonjwa usiowajua wapone kwa kazi yako. Amina.