Steringi Kutoka Ilula

Mimi filamu nazitazama nikiwa nashona. Simu naiegemeza kwenye cherehani, jicho moja liko kwenye pindo na jingine kwenye kioo, na ndiyo maana wateja wangu wengine hurudisha nguo. Lakini maoni yangu nayaamini. Juzijuzi nilitazama moja ya mapenzi ambayo dada wa watu amefukuzwa kwao na mvua inanyesha. Asubuhi anaamka porini, na gauni lake bado lina mikunjo ya dukani! Nikaizima palepale. Ninazozipenda kuliko zote ni zile za ngumi zinazotafsiriwa na kaka mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, kwa sababu anajua kutia chumvi. Wazungu wanakimbizana juu ya magorofa, yeye anasema wanawahi basi la Makambako.

Ila dokumentari kwangu ilikuwa dawa ya usingizi. Inaanza filimbi ya huzuni, anakuja mtu wa ofisini na miwani yake, halafu simba anamla nyumbu. Kila siku nyumbu. Sikujua kwamba iko siku nitaitazama moja huku moyo ukinidunda.

Baba yangu analima nyanya Ilula. Msimu uliopita walifika vijana wenye kamera waliokuwa wakitengeneza filamu ya wakulima na wachuuzi wa barabarani, wakashinda naye shambani. Walipoondoka, baba akawa mtu mwingine. Alitangaza kanisani na kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi kwamba filamu inakuja, na steringi ni yeye.

Kwetu steringi si mwigizaji tu. Ni yule mwenye filamu yake, anayepigwa na wote na bado anasimama, na kila mtoto anajua kwamba steringi hafi. Nilijaribu kumweleza baba kwenye simu.

"Baba, hizo za ukweli hazina steringi. Wanaonyesha watu mbalimbali tu."

"Filamu gani haina steringi?" akasema. "Sasa watu wanamtazama nani?"

Mpaka leo naona hilo ndilo kosa la dokumentari nyingi.

Kijiji hakikunitia hofu. Aliyenitia hofu ni mtani wake. Sisi ni Wahehe, naye ni Mgogo anayenunua nyanya kwa baba na kuzipeleka Dodoma. Mgogo na Mhehe ni watani, kwa hiyo ana ruhusa ya kumwambia baba lolote, mbele ya yeyote, hata msibani, na kukasirika ni mwiko. Wamesutana hivyo tangu nina meno ya utoto. "Nisipoonekana," baba aliniambia, "yule Mgogo atanizika nalo." Alisema akicheka, lakini mimi namjua. Tangu mama atutoke, sikuwa nimemsikia akingojea kitu chochote kwa furaha. Niliomba Mungu vijana wale wasimkate kwenye filamu.

Siku ya kuonyeshwa, baba alikuja Iringa mjini na suti niliyomshonea mwenyewe, bega moja limepanda kidogo. Mtani naye alikuja, bila kualikwa. "Kamwene, steringi!" akamsalimia kwa Kihehe cha kuvunjavunja, akajibana kwenye kiti kati yetu. Ukumbi ulijaa, watu na masweta yao.

Filimbi ikaanza. Akaja mtu wa miwani. Nikamtazama baba, akanikonyeza kuniambia subiri. Yakapita malori, wakapita akina mama wanakimbilia basi na ndoo za nyanya vichwani, na hapo nakiri palikuwa pazuri, nikaacha hata kukagua nguo zao. Wakaonyesha shamba letu. Nililijua kwa mti wa parachichi. Aliyesimama chini yake ni mtu mwingine kabisa, bwana shamba, anaeleza mbolea. Baba alivua kofia akaiweka magotini. Mtu wa miwani akarudi tena. Baba akaanza kuikunja ile kofia.

Ndipo ikaja mikono inachuma nyanya, mikono tu, haina uso. Mtani akaruka kutoka kwenye kiti.

"Yule pale! Ile mikono ya mtani wangu! Naijua, ndiyo inayonipangia nyanya mbovu chini ya tenga!"

Watu wakacheka. Baba akainua shingo. "Eti ni mimi?" akaninong'oneza.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Halafu akatokea mbwa wetu. Mbwa yule yule wa nyumbani, mwenye sikio moja lililolala. Amejinyoosha chini ya meza ya nyanya, lori linapita hatikisiki, lakini honi ya basi ikilia anaamka na kukimbia na akina mama hadi mlangoni, halafu anarudi nao taratibu, amechoka kuliko wao. Kamera ilimpenda, jamani. Kila alipotokea ukumbi ulipiga makofi, na mtani, ambaye tangu zamani anadai Wahehe tunakula mbwa, alishika tumbo. "Mhehe kaleta kitoweo kwenye sinema!" Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana baba alikuwa ameanza tena kuikunja kofia.

Mwisho kabisa, sauti ya kijana wa kamera ikauliza, "Huyu mbwa ni wa nani?" Na kioo kizima kikajaa uso wa baba. Mikunjo yake, pengo lake, kila kitu.

"Wa kwetu wote," akasema yule baba wa kwenye kioo. "Lakini akiiba nyama ya watu, ni wa kwangu."

Akacheka, na filamu ikaishia kwenye kicheko chake. Maelezo yote ya bei na dawa za wadudu waliyakata, likabaki jibu hilo moja, na lilitosha. Ukumbi ulisimama. Baba naye alisimama, akapunga kofia iliyokunjwakunjwa, anacheka kicheko kile kile, nami machozi yakanitoka hadharani. Dokumentari ile naipa alama zote, na filimbi yake.

Nje watu walimzunguka kumpa mkono. "Steringi ni mbwa!" mtani alimpigia kelele. "Na steringi hafi, kwa hiyo huyo huwezi kumla tena!" Baba akamwita ombaomba wa Dodoma, akaendelea kupokea mikono.

Nilimvuta mtani pembeni. "Mzee, ile mikono haikuwa ya baba. Ilikuwa ya kijana."

"Najua. Ya baba yako nimeishika miaka yote, kidole gumba hakina kucha."

"Sasa mbona ulipiga kelele? Si ungepata la kumtania mpaka mwisho?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Ulimwona alivyokuwa anaikunja ile kofia? Mtu akiwa vile hataniki, mwanangu," akasema, kisha akapenya katikati ya watu akipaza sauti kwamba apishwe, yeye ndiye mtani wa steringi.