Kilo Sita za Shemeji

Dada yangu ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha magodoro, na kwa miaka kumi na tisa hakuna sufuria iliyotoka jikoni kwake kabla hajaionja. Ndiyo maana nilicheka alipobandika ile karatasi kwenye mlango wa kabati. Alipewa na mwanamke wa mapokezi, yule anayejua dawa ya kila kitu isipokuwa ya umbea wake. Juu iliandikwa: kusafisha mwili na kutoa sumu. Upande mmoja vya kula: matango, papai, mboga za kuchemsha, maji ya uvuguvugu yenye limau. Upande wa pili vya kuepuka, na huko ndiko maisha yote ya dada yangu yalikokuwa: chumvi, sukari, mafuta, mkate, nyama, chai ya maziwa.

"Sasa kantini utaonjaje?" nilimuuliza.

"Ataonja muosha vyombo. Mimi nitamsoma uso."

Hakuwa anatafuta urembo. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha, na upishi ni kazi ya kusimama. Daktari alikubali kumpasua, lakini si akiwa na kilo tisini na nane. Alimwambia ashuke hadi themanini na tano, akampa tarehe miezi minne mbele. Bila upasuaji ule kazi ingemponyoka, maana bosi alishaanza kumtazama anavyoburuta mguu.

Mume wake ni fundi mizani. Mizani za mabucha, za maghala, za zahanati, zote hupita mezani kwake, na juu ya mlango wa karakana ameandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HAPA HATUPUNJI. Nilimpenda shemeji huyu kuliko kaka zangu wa tumbo moja, na nalisema hilo nikiwa na hasira. Alimletea dada mizani ya kusimama, ya sindano, akaiweka ukumbini. Kila Jumamosi asubuhi dada anapanda, shemeji anainama kusoma, kisha anapiga makofi kama mtoto wake kafaulu mtihani.

Wiki ya pili dada alianguka jikoni kwa kizunguzungu. Wiki ya nne akaanguka tena, hatua moja tu kutoka kwenye karai la mafuta ya moto. Shemeji alimsihi ale hata kipande cha mkate. Dada akasema penye nia pana njia, akaendelea kutafuna tango lake.

Baada ya hapo mizani ikaanza kuleta raha. Nusu kilo, kilo nzima, kilo na robo. Mwezi wa tatu sindano ikagota themanini na tano. Dada alilia kwa furaha, karatasi ikabanduliwa, na siku hiyo tulikula nyama.

"Baki hapo hapo," shemeji alimwambia. "Sasa ule kama watu."

Siku ya hospitali nilimsindikiza. Nesi alimpandisha kwenye mizani, akaandika.

"Tisini na moja, mama."

Dada akacheka. "Mwanangu, hii mizani yenu mbovu. Mume wangu ni fundi mizani. Nyumbani nina themanini na tano."

Nesi alimpima tena. Tisini na moja. Hapo dada alipandisha sauti, foleni nzima ikageuka. "Mume wangu hakosei! Mdogo wangu, mpigie shemeji yako aje na mawe yake ya kupimia. Tutawatengenezea bure!"

Nilipiga simu. Shemeji akasema, "Mwambie akubali tu, arudi nyumbani." Nilidhani anaona haya kuwaumbua watu kazini kwao. Nikamng'ang'ania, akaja na sanduku lake. Aliweka jiwe la kilo kumi, mizani ikasoma kumi. Akaongeza la pili, ikasoma ishirini. Alikuwa anainama zaidi ya ilivyohitajika. Dada hakuwa anatazama mizani. Alikuwa anamtazama mumewe, vilevile anavyomtazama muosha vyombo akionja mchuzi.

"Ulipunguza ngapi?" aliuliza.

"Sita."

"Kwa mara moja?"

"Kidogo kidogo. Kila Ijumaa, ukienda kuoga." Kisha akasema haraka, "Ulianguka karibu na mafuta ya moto, mke wangu. Mara mbili. Niliona unakufa. Nilitaka ule."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia."

Ni kweli alimwambia, na ukweli huo ulinichefua zaidi.

"Nimegombana na watu kwa ajili yako," dada alisema. "Na kila Jumamosi wewe unanipigia makofi."

Kitanda alipewa mgonjwa mwingine. Tarehe mpya ilikuwa miezi mitatu mbele, na bosi akasema atasubiri hiyo tu. Daktari aliposikia habari za karatasi alitikisa kichwa. Alisema sumu hutolewa na ini na figo, si na tango. Dada ale maharage, samaki, mboga, matunda, apunguze mafuta na sukari, na asijinyime hadi aanguke. Maneno machache hivyo! Yangesemwa mapema, labda nisingekuwa na cha kusimulia.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Dada hakufunga virago. Anapika, wanakula meza moja. Lakini mizani ya ukumbini ameigeuza kigoda cha ndoo, na kila Jumamosi anatembea nusu saa kwa goti lile lile bovu kwenda kupimwa na yule nesi, ambaye dada mwenyewe alimwomba radhi kwa kelele za siku ile. Mimi humshika mkono. Njia inapita mbele ya karakana, na dada hageuzi shingo.

Jumamosi iliyopita, tukirudi, shemeji alitoka mlangoni na bisibisi mkononi. Akauliza taratibu, "Ngapi leo?"

Dada alisimama. Nilidhani atampita kama kawaida.

"Themanini na nane."

Uso wa shemeji ulichangamka, mikono ikainuka yenyewe.

"Usipige," dada alisema, tukaendelea na safari.