Namba ya Asteria

Noela alikuwa amezoea kuwa wa kwanza darasani. Asteria, binti wa wakulima wa viazi wa Ipelele, aliletwa kwao Makambako akae nao akisoma kidato cha tano. Wakawa wanalala kitanda kimoja, na jioni Noela ndiye aliyemfundisha kemia. Mama yake Noela, fundi cherehani wa karibu na stendi, aliwaita pacha zake.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu wake. Noela alimpongeza mbele za watu, kisha akaenda kulia bafuni.

Waliomba vyuo pamoja. Asteria alikuwa anarudi Ipelele kuvuna na simu hakuwa nayo, hivyo akaandikisha namba ya simu ya Noela. Majina ya awamu ya kwanza yakatangazwa: Asteria amechaguliwa udaktari katika vyuo viwili, Noela hakupata hata kimoja. Mama akaacha cherehani akapiga vigelegele, akawaambia majirani kwamba nyumba yake imetoa daktari. Vigelegele alivyovitamani miaka yote, mama yake amempigia mtoto wa watu.

Kesho yake ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Ilikuwa namba ya siri ya Asteria, ya kuthibitisha chuo kimoja kati ya viwili. Muda ukipita, nafasi imekwenda. Noela akausoma, akazima simu, akaisukuma chini ya godoro. Asteria alipompigia Mama kwa simu ya mjomba wake kuulizia namba hiyo, Noela aliombwa ajibu, akasema hakuna kilichokuja. Uongo ulimtoka kirahisi hata akajishangaa.

Muda ulipokaribia kuisha, Asteria aliteremka na lori la viazi. Noela alijua amekuja kugomba. Kumbe amekuja wakae waombe awamu ya pili. Alama za Noela, alisema, zinatosha kabisa uuguzi. Habari zake mwenyewe hakuzigusa. Huruma ile ilimchoma Noela kuliko ushindi wenyewe. Bora angeringa, apate sababu ya kumchukia.

Akainua godoro, akaitoa simu.

"Namba yako ilikuja siku nyingi," alisema. "Nilikuficha."

Asteria akaiwasha, akausoma ujumbe. "Kwa nini, Noela?"

"Mimi Mama hajawahi kunipigia vigelegele."

Asteria alithibitisha chuo chake kwenye simu ileile, akachukua mfuko wake akaenda kulala kwa shangazi yake. Ila asubuhi alirudi, wakajaza maombi ya Noela karibu bila kusemezana.

Noela sasa ni muuguzi Wanging'ombe. Akienda kwao na kukuta wageni, Mama huwa ameshawaonyesha picha ya Asteria ndani ya koti jeupe, na Noela hujifanya anakwenda kutazama chai jikoni. Wivu haujamtoka. Asteria hajawahi kumwambia Mama lile jambo, na hata hilo Noela humwonea wivu: yeye asingeweza kulinyamazia.