Simu na Jasho la Kadutu

Juzi nilikuwa kwa fundi wa simu sokoni Kadutu, mtaa wa mlimani, nikingoja anibadilishie kioo kwa mara ya tatu. Akaja mama mmoja mbeba mizigo, kamba ya kubebea ingali kwenye paji la uso. Alitaka kununua simu.

Fundi akamwekea mbili mezani: moja nyembamba, kioo mbele na nyuma, nyingine ya plastiki, nene kama kipande cha sabuni.

"Maman, hii ya kioo njo ya nguvu. Iko na kamera tatu, na chuma pembeni."

Mama hakuwasha hata moja. Alizigeuza, akachungulia matundu ya chaji.

"Jasho inaingiliaka wapi?"

Fundi naye akaanza kuzigeuza.

"Miye naiwekaka hapa, sababu ya wezi," mama akasema, akigusa kifua chake. "Napanda na unga mugongoni, jasho inatoka. Mbili zilikufa hivyo. Na mutoto wangu anachimbaka zahabu kule Shabunda. Anapigaka Jumapili tu, siku ya Mungu, akipanda mulima kutafuta rezo ya simu."

Fundi akamwonyesha kifuniko cha mpira kwenye tundu la ile nene. Mama akakibonyeza mara mbili, akaitumbukiza simu kifuani, akainama kana kwamba ana gunia, akainuka.

"Hii."

Huko zinakotengenezwa, nasikia, simu huangushwa na kuzamishwa majini ili zipimwe. Sidhani kama kuna aliyezipandisha Kadutu chini ya kitenge.

Kisha fundi akanikabidhi yangu, nyembamba, inang'aa.

"Papa, usiiangushe tena."

Yule mama hakuonywa lolote.