Gari la Kuwashwa Kila Ijumaa

Mdogo wangu alinunua gari la mbio mahali ambapo mchanga unafika kwenye vifundo vya miguu. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, limeinama mno hata ukitaka kuingia unajishusha kama unayekaa mkekani. Alikuwa dereva wa wageni hapa Palma, mji wetu wa pwani, na gari lenyewe lilikuja juu ya lori, kwa sababu kwa magurudumu yake lisingefika. Nilimuuliza ataliendesha wapi. Akasema, "Kaka, wewe ngoja barabara." Barabara tunaingoja hadi leo.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Zaidi ya miaka thelathini nimeshika injini zinazokaa nyuma ya boti, na magari nayajua kama mtu anavyomjua jirani: kwa kusalimiana. Lakini mwenye gari hayupo, na kazi ikaniangukia mimi.

Siku wenye silaha walipouvamia mji tukakimbia, alitaka kulitoa. Nilimkaripia. Nilimwambia litakwama kabla ya kufika hata msikitini, aliache, achukue pikipiki apite njia ya kijiji cha Mute. Boti tuliyoipata ilikuwa imejaa wanawake na watoto, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya mtu wa mashine, nayo ilikuwa yangu. Hakubishana. Alitia ufunguo wa gari mfukoni, ule wenye kipande cha ukili alichokisuka Mama kwa rangi ya zambarau, akaondoka kama mtu anayekwenda dukani. Hatukumwona tena.

Tuliporudi, baada ya mwaka na zaidi, nyumba haikuwa na milango wala mabati ya jikoni. Gari lilikuwapo, nyuma ya jiko, chini ya makuti tuliyolifunika nayo. Walikuwa wamechukua redio na betri, na panya walikuwa wamezaa juu ya injini. Mama alilizunguka mara moja, akafungua ncha ya kanga yake, akatoa ufunguo wa akiba. Alikuwa ameubeba muda wote tuliokuwa ukimbizini, na mimi sikujua.

"Liamshe," akaniambia.

Ilinichukua wiki nyingi. Niliunganisha nyaya zilizotafunwa, nikatafuta betri, nikasafisha tangi. Lilipowaka, Mama alikaa kwenye kizingiti akalia, na tangu siku hiyo ikawa sheria. Kila Ijumaa, nikitoka msikitini, kabla ya kula, nakwenda nyuma ya jiko kuliwasha. Yeye anauliza kutoka ndani, "Limeamka?" Nami najibu, "Limeamka, Mama." Ndipo analeta chakula.

Wajomba walikuja kumwomba tumsomee mdogo wangu hitima, tupumzike. Mama alikataa. "Mtu aliye hai hasomewi. Gari lake linaamka. Siku likikataa, njooni mniambie." Nilicheka kidogo aliposema hivyo, kwa aibu tu. Wajomba hawakucheka.

Sasa niseme jambo ambalo Mama hakulijua. Miezi michache baada ya kurudi, mkulima mmoja kutoka Mute alileta mihogo sokoni, akauliza nyumba yetu, akaniita pembeni. Alisema yeye na jirani yake walimkuta mdogo wangu kando ya njia, wakamswalia, wakamzika chini ya mkorosho kwenye mpaka wa shamba. Akanipa ufunguo. Rangi ya zambarau ilikuwa imefifia, lakini msuko ulikuwa wa Mama, hakuna mwingine asukaye hivyo.

Nilikusudia kumwambia jioni ile ile. Nikamkuta ana homa. Nikasema apone kwanza. Alipopona ilikuwa Ijumaa, akaniuliza, "Limeamka?" na mdomo wangu ukajibu kama kawaida yake. Ufunguo nikauficha chini ya sanduku la spana. Ukakaa humo miaka miwili. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine la kujipa.

Mwaka huu gari likaanza kuugua. Mwanzo lilitoa moshi wa kibuluu, kisha likawa linakohoa, linawaka dakika mbili na kuzima. Nikafungua plagi, zile tunazoziita vela, nikazikuta nyeusi zimelowa mafuta. Nikazisugua, nikarudisha. Ijumaa iliyofuata, vile vile. Nikabadilisha nyaya. Nikataka kufungua kabureta, nikapoteza asubuhi nzima kuitafuta, kumbe gari hilo halina. Mgongo uliniuma kwa kuinamia chuma kile kifupi. Plagi zikilowa mafuta hivyo, fundi yeyote wa boti atakwambia ringi za pistoni zimekwisha, na ringi za gari lile utazipata wapi huku?

Kipimo kipo, tena cha bure: unatoa plagi, unaziba tundu kwa kidole gumba, mwenzio anazungusha injini. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, ringi ni nzima. Sikukifanya. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilitaka jibu moja tu. Nilitaka gari limwambie Mama nililoshindwa kumwambia.

"Limeamka?" akauliza Ijumaa hiyo.

"Limekufa, Mama. Motor imekwisha."

Chakula kilichelewa sana siku ile. Kilipokuja, alikiweka mbele yangu akasema niende nikawaambie wajomba hitima itakuwa Alhamisi.

Jumatano mchana, wanawake wanachambua mchele uani, nilikwenda kunyonya petroli iliyobaki kwenye tangi la gari, nikatie kwenye mashine ya boti ya mteja. Hakuna haja ya kumwachia maiti petroli. Ikanimwagikia mkononi. Petroli hukauka upesi, hukuachia ngozi nyeupe kama ya mtu asiyejipaka mafuta. Hii ilikauka, na mkono ukabaki unateleza. Nikaunusa. Nikakaa chini.

Mashine zetu za boti hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kwa hiyo katika nyumba ya mtu wa boti dumu la petroli halikai bure: likiingia tu mlangoni linatiwa oili, hata kabla ya kuwekwa chini. Mikono yangu imefanya hivyo maisha yangu yote bila kuniuliza. Mwanzoni gari nilikuwa nalinunulia petroli yake kwa chupa. Kazi za boti ziliporudi, nikaanza kuchota kwenye dumu la nyumbani. Mwaka mzima nililinywesha gari la watu petroli ya boti, kisha nikalitangazia kifo.

Ningeweza kunyamaza. Wageni walikwisha kualikwa. Nilikaa pale nimeshika mpira wa kunyonyea, nikawaza jinsi ningelala vizuri baada ya Alhamisi, bila Ijumaa nyingine ya kuogopa. Halafu nikawaza kwamba Mama atamsomea mwanawe hitima kwa neno la fundi aliyekosea, nikaona sitaweza kula wali ule.

Nikatoa plagi zote. Nikaziba tundu kwa kidole, nikanyoosha mkono mwingine nikagusisha waya wa stata. Kidole kikarushwa. Injini ilikuwa nzima kabisa. Nikamwaga petroli yote, nikatia safi, nikasafisha plagi kwa brashi, nikalegeza bomba la moshi ili lipumue. Nikatoa ufunguo chini ya sanduku la spana nikauweka mfukoni. Ndipo nikaliwasha, kwa ule wa akiba.

Lilinguruma kama siku liliposhushwa kwenye lori. Mama akaja, ungo wa mchele mikononi.

"Ulisema limekufa."

"Nilikosea, Mama. Nililitia petroli ya boti. Gari halina kosa."

Akanitazama, na nikaona uso wake unaanza kufunguka, na hilo ndilo lililonikata maini. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikauweka juu ya mchele, mbele yake. Nikamweleza habari za mkulima wa Mute na mkorosho. Nilisema yote nikiangalia ungo.

Aliugusa ule ukili kwa kidole, msuko kwa msuko. "Tangu lini unao?"

"Miaka miwili."

Aliweka ungo chini. Akaingiza mkono dirishani, akageuza ufunguo wa akiba, injini ikazima. Hakuwahi kuligusa gari lile tangu tuliporudi.

"Miaka miwili," akasema. "Unachoka peke yako, na mimi mama yako nipo hapa hapa jikoni."

Kisha akainua ungo, akarudi kwa wenzake kumalizia mchele wa hitima.