Mashine Niliyokatazwa Kuitazama

Mimi ni injinia wa mitambo, na mashine zangu nyingi zimezaliwa na hasira. Ile ya kukata ndizi mbichi vipande vyembamba vya kukaanga niliibuni baada ya mama mmoja wa soko la Daraja Mbili kuniambia kwamba vidole vyangu ni vya kushika kalamu tu. Ile ya kutenganisha nyuzi na majani ya chai niliibuni nikiwa injinia wa zamu katika kiwanda kimoja upande wa Ikonge, kwa sababu msimamizi wangu alisema haiwezekani, na alisema hivyo huku akichokonoa meno. Ilipowezekana, wakaibandika jina lake. Nikaacha kazi, nikahamia Nyakoe, nikasimamisha karakana ya mabati kando ya barabara, na tangu hapo nimekuwa bosi wa nafsi yangu na wa mashine yangu ya kuchomelea.

Lakini iliyonipa jina, jina baya, ni mashine ya kukamua miwa.

Huku kwetu familia nyingi huchemsha sukari guru. Miwa inakamuliwa, maji yake yanachemshwa kwenye masufuria mapana kama vitanda, kisha yanamwagwa kwenye vibao yagande. Kazi ya kuchemsha ni ya jasho, ya kukamua ni ya hatari. Rola za chuma zinazungushwa na injini ya dizeli, na rola hazijui muwa ni upi na mkono ni upi. Ukikutana sokoni na mzee anayekusalimu kwa mkono wa kushoto, huna haja ya kumuuliza alikuwa akifanya kazi gani.

Nikasema potelea mbali, mashine ya kukamua isiyokula watu lazima ipatikane, na mimi ndiye nitakayeitengeneza. Niliiwekea mdomo mrefu wa bati nene, urefu wa mkono wa mtu mzima, ili muwa upite lakini vidole visifike kwenye rola. Huo ndio niliouita kikinga. Mbele yake, usawa wa kiuno, nikaweka nondo. Ukiilalia tu kwa tumbo, mkanda wa injini unalegea na rola zinasimama. Nilijaza kipande cha mgomba ndani ya mkono wa sweta kuukuu, nikakitia kwenye rola, nikaisukuma nondo kwa nyonga. Rola zilitafuna kidogo, zikatulia. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kilichobaki kilikuwa mtu mmoja wa kuitumia mbele ya macho ya watu. Wenye viwanda vya sukari guru hawaamini maneno wala michoro. Wanataka waone mashine inafanya kazi kwa mtu wanayemjua, na mtu huyo awaambie kwa kinywa chake kwamba ni nzuri. Akisema hivyo, nina kazi ya maisha. Akisema vingine, nifunge duka. Na mtu pekee niliyeweza kumfikia alikuwa baba mkwe wangu, ambaye rola za mashine yake zilikuwa zimepasuka. Mume wangu akamwomba. Mzee akakubali, ila hakuniambia mimi.

Hapa yafaa niseme kuhusu chinsoni. Mimi ni wa ziwani, nimeolewa kwa Wagusii, na desturi hii niliikuta. Baba mkwe na mke wa mwanawe wana mpaka wao. Hawashikani mikono, hawakai karibu, yeye haingii nyumbani kwangu, na hatuonani katika hali ya aibu. Sina neno na desturi hiyo, hata kwetu tuna zetu, na nimeona wazee wanaoishika kwa upole, wanamsalimu mke wa mwana kutoka mbali na kumtania kupitia wajukuu. Wangu aliigeuza kuwa fimbo. Nikipita, anageuza kiti. Nikipika, anauliza chakula kimepikwa na nani kabla ya kuonja, kisha hali. Maneno yake kwangu yalipitia kwa mama mkwe, ingawa nilikuwa nimesimama pale pale nikiyasikia, na Ekegusii nilikuwa nimeshakijua vizuri tu.

Mashine ilipofungwa uani kwake, amri ikatoka. Mbele ya masufuria yale kuna joto la kuua, kwa hiyo Mzee hufanya kazi bila shati. Na mke wa mwana hawezi kumwona baba mkwe kifua wazi. Kwa hiyo, injini ikiwaka, mimi nisionekane uani.

Yaani hivi: mashine nimeichora mimi, nimeichomelea mimi, nimeifunga boliti kwa mikono hii, na siruhusiwi kuiona ikifanya kazi. Nilimwambia mume wangu nitakuja nimgeuzie mgongo babake, nitazame mashine tu. Akasema, "Mzee ni mzee." Hilo ndilo jibu lake la kila kitu. Paa likivuja, Mzee ni mzee.

Basi nikawa naikagua mashine yangu kama mwizi. Naketi jikoni kwa mama mkwe hadi injini izimwe na Mzee aingie ndani kula, kisha mama mkwe ananiita. Kila nilipofika nilikuta kikinga kimekaa mahali pake, kimeoshwa, na nondo inang'aa. Namuuliza mama mkwe kama inafanya kazi vizuri. "Inafanya, mwanangu," ananijibu, macho yake kwenye masufuria. Niliona nati za kikinga zimelika pembe kwa spana, nikadhani anakifungua ili akisafishe. Nikafurahi hata, nikasema angalau Mzee ni mtu wa usafi.

Sivyo. Kila asubuhi alikuwa akikifungua kikinga na kukilaza nyuma ya kuni. Ile nondo aliifunga juu kwa utepe wa mpira wa tairi isimguse kiuno. Ukifika wakati wa kula, anarudisha kila kitu mahali pake kwa ajili ya macho yangu, na akishakula anaanza upya. Mzee wa makamo yale, mwenye mgongo wa kulalamika, alikuwa akifungua na kufunga boliti mara mbili kila siku ili tu asitumie nilichokiweka mimi, na ili nisijue.

Siku yenyewe nilikuwa jikoni nikingoja, nikimenya viazi. Injini ikipokea muwa huwa inanung'unika kidogo, na mimi sauti hiyo naijua hata usingizini. Mara ikaacha kunung'unika. Ilikuwa imepewa kitu laini. Kisha nikamsikia mama mkwe.

Nilikimbia. Mkono wa Mzee ulikuwa umeingia kwenye rola hadi karibu na kiwiko, mwenyewe ameegemea mashine, uso umekuwa rangi ya jivu. Hakupiga kelele. Aliponiona alimtazama mkewe, akasema kwa Ekegusii, polepole, kama mtu anayeagiza chai, "Niletee shati kwanza. Huyu asinikaribie."

Na mama mkwe, Mungu amsaidie, akageuka kutafuta shati.

Sikungoja shati. Nilichukua panga la kukatia miwa, nikaukata ule mpira. Nondo ikaanguka mahali pake, ikabanwa na tumbo lake lililoegemea mashine, mkanda ukalegea, rola zikasimama papo hapo, kama nilivyozichora. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mashine ilikuwa nzima, na ilitii mara moja. Nikamshika Mzee kifuani kwa mkono mmoja, kifua kile kile cha haramu, na kwa mkono mwingine nikazirudisha rola nyuma kwa spana kubwa hadi mkono wake ukatoka. Alikuwa akinisukuma muda wote. Kwa ule mkono mzima, alikuwa akinisukuma.

Hospitalini Kisii walimkata chini ya kiwiko. Nilipeleka uji, ukarudi kama ulivyokwenda, kifuniko hakijafunguliwa. Waliokwenda kumjulia hali wakamuuliza imekuwaje, naye akawa na jibu moja tu: "Niliambiwa ni salama." Basi. Hakusema uongo wowote. Aliacha maneno hayo yatembee yenyewe, nayo yakatembea vizuri kuliko mimi. Kabla hajatoka wodini, kila mtu kuanzia Nyakoe hadi mjini alikuwa anajua kwamba mashine ya mwanamke wa ziwani imemla mkono baba mkwe wake.

Waliokuwa wameanza kuulizia mashine hawakuniambia wameghairi. Waliacha tu kushika simu. Daraja Mbili, wauza mboga wawili waliponiona waliificha mikono yao nyuma ya migongo, wakacheka hadi wakashikana. Nilicheka nao, maana ningefanya nini? Nikarudi karakana, nikafunga mlango wa bati, nikalia kwa sauti huku nimeiwasha grenda nisisikike.

Nilimwambia mume wangu sitaki pole wala sitaki kuombewa. Nataka babake aseme jambo moja, kwamba alikitoa kikinga.

"Mzee ni mgonjwa," akasema. "Unataka aseme alijikata mwenyewe?"

"Ndiyo. Ndivyo ninavyotaka."

Alinitazama kama mtu aliyeoa nyoka. Labda alikuwa na haki ya kunitazama hivyo, sijui. Lakini mimi nilikuwa nimejenga kitu cha kuokoa mikono, na sasa nilikuwa naitwa mla mikono, na yupo mtu mmoja tu duniani aliyeweza kunisafisha, naye alikuwa ameketi kwenye kiti chake akinyamaza kwa raha zake. Nilimchukia. Nimeambiwa kanisani mara nyingi nisiseme hivyo, na bado nasema.

Ndipo walipokuja wanaume wawili kwa pikipiki kutoka upande wa Nyamira, ndugu, wenye kiwanda chao cha sukari guru. Walikuwa wamesikia habari zote mbili: kwamba mashine yangu inatoa maji mengi kuliko nyingine yoyote, na kwamba inakula watu. Mkubwa wao alikuwa mtu wa kusema wazi. "Madam injinia, sisi tutamsikiliza huyo mzee kwanza. Akisema mashine ndiyo mbaya, tunarudi kwetu. Akisema vingine, tunachukua mbili."

Niliwapeleka. Nilisimama penye ua wa michongoma, umbali wa heshima, kichwa chini, kama mke mwema. Mzee alikuwa ameketi nje, amevaa shati safi, mkono mmoja wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Mama mkwe alikuwa kando yake akichambua mboga. Wageni wakasalimia, wakapewa viti, wakauliza hali ya mvua, kisha mkubwa wao akauliza.

"Mzee, tumeambiwa mashine hii ina kifuniko cha kuzuia mkono. Siku hiyo kilikuwa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusikia yale yale. Mama mkwe akaacha mboga.

"Nilikitoa," akasema.

"Na ile nondo?"

"Niliifunga kwa mpira. Inasumbua." Hakuwa akiungama. Alisema kwa majivuno. "Na kile kifuniko kinapitisha muwa mmoja, mwingine, mwingine. Kwani mimi ni mtoto wa kulishwa kijiko? Nimekamua miwa tangu hawa hawajazaliwa."

Sikujali anasemaje, alikuwa amesema. Nikashika michongoma na miiba yake yote. Nilisikia furaha ambayo sijawahi kuisikia hata siku ya kuhitimu. Mkononi mwangu palikuwa na damu na nilikuwa natabasamu. Mama mkwe aliinua macho akaniangalia, na nadhani naye alikuwa ametua mzigo.

Wale ndugu walinong'onezana kidogo. Kisha mkubwa wao akanigeukia kule nilikosimama, akapaza sauti.

"Sawa, madam. Tumesikia. Sasa, ukitutengenezea bila kile kifuniko na bila hiyo nondo, bei itashuka kiasi gani?"

Nilidhani anatania. Nikamuuliza kama amemwona Mzee.

"Tumemwona," akajibu mdogo wake. "Yeye ni mzee, alizembea. Sisi tuko macho."

"Sitengenezi bila kikinga," nikasema. Nikarudia wasikie wote. "Mimi sitengenezi bila kikinga. Mkitaka, ni nzima au hakuna."

Mkubwa akakuna kichwa. Alikuwa mtu wa heshima, hakutaka kunivunja moyo mbele ya wakwe zangu. Akasema basi watakwenda kufikiria, na watanipigia. Akaanza kuinuka.

Mzee akamgusa goti akae. Alikuwa amechangamka, uso umekunjuka, sijamwona hivyo tangu niolewe.

"Msihangaike," akawaambia. "Yuko fundi Daraja Mbili, nyuma ya wauza mitumba. Anatengeneza hii hii, haina mambo mengi. Hata yangu mpya ndiye anaitengeneza."

Wakamuuliza njia ni ipi, wakate kona wapi, kabla ya soko au baada yake. Mzee alichomoa pini, akakunjua mkono wa shati, akanyoosha kile kigutu kuelekea barabara ya Kisii, akawaelekeza hadi wakaelewa. Kisha wakamshukuru, wakaniaga kwa adabu, wakawasha pikipiki.